Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2012

Ndugu wanachama,

Taarifa hii nilikuwa nimeifikisha nusu wiki ya kwanza ya Desemba. Nikaifuta yote. Desemba 14 watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika shule ya msingi ya Sandy Hook, Newtown, jimbo la Connecticut, na sikuona namna ya kuwaletea maneno niliyoyaandika kabla ya siku ile. Kabla ya yote, chama kinatoa pole kwa wafiwa. Wengine wenu mlinipigia simu mkashauri tunyamaze angalau mwaka huu mmoja kuhusu msimamo wetu wa kupinga onyo la lazima kwenye michezo ya video. Nimelifikiria shauri hilo kwa usiku kadhaa. Sikuliafiki, na wajibu wangu ni kuwaeleza kwa nini.

Kilichotushughulisha tangu Machi 2012 ni muswada H.R. 4204, uliopelekwa katika Bunge la Wawakilishi la Marekani na Joe Baca wa California, wa chama cha Democratic, pamoja na Frank Wolf wa Virginia, wa Republican. Baca alikwisha kuleta miswada ya namna hiyo mwaka 2009 na 2011. Huu wa 2012 ulitaka Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, ile inayoshughulika na vitanda vya watoto na hita za umeme, itoe kanuni ya kubandika onyo kwenye michezo ya video kwamba kukutana na michezo yenye ukatili kumehusishwa na tabia ya uchokozi. Na usidhani onyo lilikusudiwa michezo ya vita peke yake. Lingebandikwa kwenye kila mchezo uliopangiwa daraja na ESRB, bodi ya wenye sekta inayoipanga michezo kwa umri wa mchezaji, isipokuwa ile ya watoto wadogo kabisa. Mchezo wa mpira wa miguu ungelibeba, na mchezo wa kupanga matofali ungelibeba.

Hapo ndipo hoja yetu iliposimama mwaka mzima. Mzazi anayesimama mbele ya rafu anataka kujua mchezo huu una nini ambacho ule hauna. Onyo lenye maneno yale yale kwenye kila boksi halimtofautishii chochote, na baya zaidi, humzoesha kutosoma. Alama za ESRB, zilizoanza mwaka 1994 baada ya maseneta kuwabana watengenezaji, zinamsaidia zaidi: E ni kwa wote, T ni kuanzia miaka 13, M ni kuanzia miaka 17, na mgongoni mwa boksi kuna maelezo ya kilichomo, kama ni damu, matusi, pombe au kamari. Mwezi Novemba nilimpeleka mwanangu wa miaka 15 dukani. Alichukua mchezo wenye M akaenda kulipa peke yake wakati mimi niko pembeni. Muuzaji akamuomba kitambulisho, akaurudisha mchezo rafuni. Mtoto alinuna njia nzima. Mimi nilifurahi, maana nilikuwa sijasema neno.

Wala si duka lile tu. Tume ya Shirikisho ya Biashara ilikuwa ikituma vijana dukani kwa siri wajaribu kununua. Mwaka 2000, asilimia 85 yao waliuziwa michezo ya M. Katika ripoti ya 2011 walibaki asilimia 13, ilhali asilimia 38 waliuziwa DVD za filamu za daraja R, zisizokusudiwa watoto, na asilimia 64 waliuziwa muziki wenye onyo kwa wazazi. Ni mpango wa hiari uliofanya hivyo. Hakuna sheria iliyowalazimisha wenye maduka.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, "kumehusishwa". Mtetezi wa muswada atasema sigara nazo zina onyo, ubaya uko wapi? Tofauti ni kwamba sigara ilithibitishwa kuua kabla ya paketi kuandikwa. Juni 27, 2011, Mahakama ya Juu ilipoitupa sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto michezo yenye ukatili, kwa majaji 7 dhidi ya 2, Jaji Scalia aliupitia utafiti ulioletwa na jimbo akasema hauthibitishi kwamba michezo hii huwafanya watoto wawe wachokozi. Mtaalamu wa upande wa jimbo mwenyewe alikubali kwamba athari alizozipima zinakaribiana na za kutazama katuni za Bugs Bunny, au kucheza Sonic, mchezo wenye alama ya E. Serikali ikimlazimisha mtengenezaji aandike jambo la namna hiyo kwenye kazi yake mwenyewe, inamlisha maneno. Haijampa mnunuzi ukweli uliokubalika.

Na mahakama zimelisema hili hasa kuhusu vibandiko. Illinois ilitaka kibandiko cha "18" chenye ukubwa wa inchi nne za mraba kwenye michezo yenye mambo ya ngono. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani iliona kwamba kibandiko hicho kinabeba maoni, tena yenye ubishi mkubwa. Kuhusu kibandiko cha "18" kilichotakiwa na ile sheria ya California, majaji wa rufani mwaka 2009 waliona jambo lililo wazi hata kwa mtu asiye mwanasheria: kama kumuuzia kijana si kosa, basi kibandiko kinachoashiria kuwa ni kosa kinampotosha mnunuzi.

Muswada wa Baca haukufika hata kwenye kura. Ulikufa Januari 3, 2013, Bunge lilipomaliza muhula, na Baca mwenyewe alishindwa uchaguzi wa Novemba. Sitaki tujisifu kwa hilo. Barua zetu kwa wajumbe wa kamati zilichelewa hadi Juni, na kosa ni langu: nilisubiri kikao badala ya kuomba ridhaa yenu kwa simu.

Tangu Newtown shinikizo limerudi kwa nguvu. Januari 11, 2013, Makamu wa Rais Biden alikutana na watengenezaji wa michezo, na siku tano baadaye Rais Obama aliliomba Bunge dola milioni 10 za utafiti juu ya ukatili na silaha, michezo ya video ikiwemo. Kamati yetu imekubaliana kwa kauli moja kuunga mkono utafiti huo. Anayeamini anachokisema hauogopi. Tunachokipinga ni kuandika jibu kwenye boksi kabla swali halijachunguzwa. Na ninasema kama mzazi: naogopa siku ambayo Bunge litabandika onyo, lipige picha na waandishi wa habari, kisha liwaambie wafiwa kwamba limefanya kitu.

Mambo ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina. Hesabu zimekaguliwa na hakuna deni.

Kamati inaleta maazimio mawili. La kwanza, barua kwa kila mbunge wa jimbo letu katika Bunge jipya, safari hii kabla ya mwisho wa Machi, iambatane na nakala ya hukumu ya 2011. La pili nalitilia mkazo zaidi: jioni moja kila mwezi ya kuwafundisha wazazi kusoma alama za ESRB na kufunga mashine zao za michezo kwa namba ya siri. Mashine zote kubwa zina kufuli hilo, lakini wazazi wengi niliozungumza nao hawakuwa na habari. Tunahitaji watu wanane wa kufundisha. Sita wamejiandikisha kwa katibu, nami ni mmoja wao. Nafasi mbili ziko wazi hadi mwisho wa kikao hiki.