Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa): neno "Latini" linahitaji ufafanuzi

Ndugu Katibu Mtendaji,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa historia, na nakuandikia kuhusu neno Latini na yale yaliyozaliwa nalo: Kilatini, Walatini, Amerika ya Kilatini. Wanafunzi wangu wengi hulidhania kuwa jina la kabila au la rangi ya watu. Kwenye habari nako tunasoma "Amerika ya Kusini" pale inapokusudiwa Amerika ya Kilatini, hata habari yenyewe ikiwa ya Meksiko, nchi iliyoko Amerika ya Kaskazini. Naliomba Baraza litoe ufafanuzi wa matumizi ya neno hili, na lianzie kwenye historia yake.

Chimbuko ni Latium, leo Lazio, uwanda wa katikati ya Italia, kusini ya mto Tiber. Wataalamu wengi hulihusisha jina hilo na upana wa ardhi, yaani nchi tambarare. Wenyeji wake walikuwa na miji mingi: Tibur, Praeneste, Lavinium, Ardea. Roma ulikuwa mmojawapo tu, na ndiyo maana lugha ya Warumi ikaitwa Kilatini. Mswahili hapati taabu kulielewa hilo, kwani lugha yake nayo ina jina la pwani nzima, si la Unguja, Mombasa wala Lamu.

Miji hiyo iliunganishwa na sikukuu. Kila mwaka wajumbe wake walipanda Mlima Alba kumtolea Jupiter, mungu wao mkuu, sadaka ya ng'ombe, na kila mji ukapata fungu lake la nyama. Mwaka 199 KK wajumbe wa Ardea walifika katika Seneti ya Roma kulalamika kwamba wao hawakupewa nyama kama ilivyo desturi. Makuhani wakaamuru sikukuu irudiwe. Na kumbuka kwamba Roma ilikwisha kuwashinda Walatini wenzake katika vita vya 340 hadi 338 KK na kuuvunja umoja wao! Umoja ulivunjika, lakini mgao ulibaki, na aliyerukwa alikuwa na haki ya kudai.

Baada ya vita hivyo neno likawa zaidi daraja la kisheria. Wakazi wa makoloni mengi yaliyoanzishwa na Roma yenyewe, mbali kabisa na Latium, waliitwa Walatini: walikuwa na haki kadhaa bila kuwa raia kamili. Baadaye, kwa sheria iliyoitwa Junia, mtumwa aliyeachwa huru pasipo kufuata taratibu zote aliwekwa katika daraja hilohilo. Angeweza kuwa Myunani, Msiria au Mwafrika. Aliishi huru, lakini siku alipofariki mali yake ilichukuliwa na bwana wake wa zamani, watoto wasirithi kitu. Nikifika hapa darasani, huwaambia wanafunzi waache kutafuta damu ndani ya neno hili.

Karne nyingi baadaye Wagiriki wa Konstantinopoli waliwaita Walatini Wakristo wote wa magharibi, na wapiganaji wa msalaba walipouteka mji huo mwaka 1204, dola waliyoisimamisha, iliyodumu hadi 1261, inajulikana kwa jina hilo. Maana hiyo ya kidini ingali hai, nayo inatugusa. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inatamka katika kanuni yake ya kwanza kwamba inalihusu Kanisa la Kilatini, yaani tawi la magharibi la Kanisa hilo. Kwa hiyo Mkatoliki wa Songea au Bagamoyo, anayesali Misa kwa Kiswahili, ni wa Kanisa la Kilatini.

Amerika ya Kilatini ni jina la juzi tu. Mchile Francisco Bilbao alilitumia mjini Paris mwaka 1856, akizihimiza nchi za huko ziungane dhidi ya Marekani iliyokuwa ikijitanua. Wafaransa nao walilipenda, hasa enzi za mtawala wao Napoleon III, aliyepeleka majeshi Meksiko. Msingi wake ni lugha zilizotokana na Kilatini: Kihispania, Kireno, na kwa kawaida Kifaransa. Ndiyo maana Haiti, taifa la watu weusi waliojikomboa wakapata uhuru mwaka 1804, huhesabiwa humo, huku Guyana, iliyoko Amerika ya Kusini lakini inayotumia Kiingereza, kwa kawaida haihesabiwi.

Kwa hayo, naomba ufafanuzi wa Baraza uitenge Amerika ya Kusini, ambayo ni bara, na Amerika ya Kilatini, ambayo ni kundi la nchi kwa misingi ya lugha na historia. Walatini wa kale watajwe kama watu wa Latium, na Kanisa la Kilatini lipewe maelezo yake. Ufafanuzi huo ukitumwa kwa wahariri wa vyombo vya habari na waandishi wa vitabu vya kiada, nasi walimu tutaupokea kwa shukrani.

Wako katika kukitumikia Kiswahili,
Mwalimu wa historia, Morogoro