Barua kwa Salum kuhusu upinde wa Kabula

Kirumba, Mwanza
9 Machi

Ndugu yangu mpendwa Salum,

Assalam aleikum. Natumai mama anaendelea vizuri tangu mlipotoka hospitali. Sisi huku hatujambo, na Mama Doto anauliza utarudi lini kula sato. Uniwie radhi kwa ukimya wangu. Leo nina jambo linaloninyima usingizi, wala sina mpiga fidla mwingine wa kumweleza.

Linamhusu Kabula, yule binti wa Nansio. Tangu mwaka jana ninamfundisha kwa simu ya video kila Jumamosi, kwa kuwa nauli ya meli ya kila wiki ingemshinda baba yake. Kila alipovuta upinde mzima kwenye uzi wa A, nilisikia sauti ikianza vizuri kisha ikififia katikati, kama koroboi inayoishiwa mafuta. Nikamwambia aongeze uzito mkononi. Akaongeza. Wiki iliyofuata nikamwambia aongeze tena. Jumamosi iliyopita alikuja Mwanza, akaupiga uzi ule ule mbele yangu, nikasikia mkwaruzo mtupu. Kidole gumba kimekakamaa, bega limepanda karibu na sikio. Upinde wake haukuwahi kufifia, Salum. Programu ya simu ya video ndiyo iliyokuwa ikiinyamazisha sauti yake.

Programu hizi zimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na sauti ndefu isiyobadilika huichukulia kuwa ni kelele ya feni au ya injini, zikaipunguza. Katika mipangilio mna sehemu ya kuruhusu sauti asilia na kuzima uchujaji wa kelele. Jana nilimpigia Kabula, nikamwelekeza aiguse kwenye simu yake, na noti yake ikafika nzima hadi ncha ya upinde. Nilifurahi, kisha nikaona uchungu, maana mkono ule uliokakamaa niliufundisha mwenyewe.

Sisemi kwamba mtandao hautufai. Zamani tulinakili noti kwa mkono hadi usiku wa manane. Leo IMSLP, maktaba ya noti ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2006, inanipa bure kazi za mtunzi Bach, na kwa MuseScore, programu ya kuandikia noti, ninaandika mazoezi yangu nikiyashusha hadi ufunguo ambao vidole vya watoto vinauweza. Video nayo naipunguza kasi hadi nusu bila sauti kushuka. Hata hivyo, kifaa kinahitaji mtu wa kukieleza. Wanafunzi wangu wametoka kwenye kwaya, wamezoea do-re-mi ambayo do yake huhama kwa kila ufunguo, kisha programu ya kulinganisha nyuzi inawaonyesha herufi tupu. Masanja, mdogo wake Kabula, aliivuka A, akaona B, akadhani bado hajafika, akaendelea kukaza kigingi hadi uzi ukakatika. Sasa nawataka kwanza wasikilize A ya mitetemo 440 kwa sekunde, waiimbe, ndipo waguse kigingi.

Lakini narudi kwa Kabula, kwa sababu hapo ndipo ninapohitaji msaada wako. Mkono wako wa kulia ni mwepesi kuliko wangu, nao nimeutazama miaka mingi ukiwa nyuma ya waimbaji wa taarabu. Ninakuomba urekodi dakika mbili tu, kamera ikae upande wa mkono wa upinde, sawa na kiwiko, ukivuta uzi mmoja mmoja polepole bila wimbo wowote. Usiitume kama video ya kawaida ya WhatsApp, maana hubanwa na vidole havionekani vizuri. Itume kama hati. Ataihifadhi kwenye simu ya baba yake na kuitazama bila kununua bando kila siku.

Je, uliwahi kumfundisha upya mtu aliyezoea kuukandamiza upinde, na ilichukua muda gani? Ulimwondolea upinde kabisa kwa siku kadhaa, au ulimwacha apige taratibu? Nimwambie Kabula wazi kwamba kosa halikuwa lake, au ataacha kuniamini kila ninapomrekebisha? Na je, mwezi ujao utakuwa na nafasi ya Jumamosi moja, umsikilize mwenyewe sauti asilia ikiwa imeruhusiwa?

Wako akupendaye,
Deo