Malalamiko kuhusu diski ya nyimbo teule za Duke Ellington

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

YAH: MAJINA YALIYOACHWA NA WIMBO ULIOKATWA

Husika na mada tajwa hapo juu. Mwezi uliopita nilinunua kwenu diski yenye nyimbo nane za Duke Ellington, mtunzi na kiongozi wa bendi ya jazz wa Marekani. Uchache wa nyimbo si tatizo. Ninacholalamikia ni kwamba mmewafuta watu walioufanya muziki huo uwe ulivyo.

Jalada linasema nyimbo zote ni utunzi wa Ellington peke yake. "Take the 'A' Train" ni ya Billy Strayhorn, mtunzi kijana aliyefanya kazi na Ellington. Bendi iliirekodi Februari 1941, wakati nyimbo za Ellington mwenyewe hazipigwi redioni Marekani kutokana na mgogoro wa vituo vya redio na ASCAP, chama cha watunzi alichokuwamo. Kijana huyo, ambaye hakuwamo katika chama hicho, ndiye aliyeipatia bendi nyimbo mpya za kupiga hewani, nanyi jina lake hamkuliweka popote. Vivyo hivyo "Caravan", ambayo Ellington aliitunga pamoja na Juan Tizol, mpiga tromboni wake kutoka Puerto Rico.

Wapigaji ndio hawapo kabisa. Ellington alikuwa akitunga huku akimfikiria mpigaji fulani na sauti yake. "Concerto for Cootie" ya mwaka 1940 aliiandika kwa ajili ya tarumbeta ya Cootie Williams, lakini atakayenunua diski yenu hatajua Cootie ni nani.

Lililoniuma zaidi ni "Diminuendo and Crescendo in Blue", ile ya jukwaani kwenye tamasha la jazz la Newport, Marekani, mwaka 1956. Paul Gonsalves alipuliza saksafoni peke yake mbele ya bendi, akiurudia mzunguko wa wimbo mara 27 mfululizo, na watu wakaacha viti vyao wakacheza. Kwenye diski yenu sauti inafifia hadi kuisha pale tu anapoanza kupamba moto! Hakuna mahali mlipoandika kwamba wimbo umefupishwa. Kama nafasi ilikuwa ndogo, mngechagua wimbo mwingine.

Naomba mnitumie diski yenye wimbo huo mzima, au mnirudishie fedha zangu. Pia msahihishe majina ya watunzi na muweke wapigaji na tarehe za kurekodi kabla hamjauza nakala nyingine. Nimeambatisha risiti na picha ya jalada. Nategemea majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja, Dar es Salaam