Barua ya Wazi kwa Msajili wa Baraza la Wauguzi la Kenya

Mheshimiwa Msajili,

Nakuandikia nikiwa mkunga ninayewaelekeza wanafunzi wa uuguzi na ukunga katika kliniki na wodi za hapa Nairobi. Jambo langu ni jinsi vijana hawa wanavyomtazama mwanamke aliyepigwa na mumewe.

Wanafunzi hawa wametoka katika jamii yetu na wamekuja na mawazo yake. Katika Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2014, asilimia 42 ya wanawake na asilimia 36 ya wanaume walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya zilizotajwa, zikiwemo kuunguza chakula na kutoka bila kuaga. Utafiti wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Kwa hiyo, katika benchi la kliniki ya wajawazito hawakosi wanawake waliopigwa, na wala hatuwezi kudhani kwamba wanaowapima hawajapitia hayo hayo.

Asubuhi moja, mwanafunzi mwenye bidii alikuwa akimfunga mama mjamzito kitambaa cha kupimia shinikizo la damu, akaona alama za vidole zilizovilia damu juu ya kiwiko. Akamuuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Kwani ulimkosea nini?" Yule mama akateremsha mkono wa sweta, akasema aliteleza bafuni. Kijitabu chake kikajazwa uzito, shinikizo la damu na mapigo ya moyo wa mtoto, na lile jeraha halikuandikwa popote.

Mwanafunzi yule hakuwa na roho mbaya. Aliuliza kama shangazi yake angeuliza, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu swali lile lilimhukumu mgonjwa kabla hajasema lolote. Ukatili wakati wa ujauzito huweza kusababisha mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Na kwa aliyebakwa, awe amebakwa na mume au na mtu mwingine, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Mama akishanyamaza, saa hizo zinapita. Kumbukumbu za hospitali nazo, ambazo zingemsaidia fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, inapojazwa au anapoomba amri ya ulinzi chini ya Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, zinabaki tupu.

Tangu 2013, Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba wauguzi na wakunga wafunzwe kumhudumia mwanamke aliyetendewa ukatili wakiwa bado masomoni. Naomba Baraza lihakikishe kuwa mafunzo hayo hayaishii kwenye mhadhara. Mwanafunzi anaweza kueleza aina zote za ukatili kwa maandishi akapita mtihani, kisha akaingia wodini na kumwambia mama kuwa ndoa ni kuvumiliana. Apimwe kwa vitendo, kama anavyopimwa kuzalisha: aonyeshe jinsi anavyotafuta faragha mume akiwa ameketi hapo hapo, anavyouliza bila kulaumu, anavyosikiliza bila kumshurutisha mama aondoke au abaki, anavyoandika alichokiona, na anavyomwelekeza kwa huduma, ikiwemo simu ya bure ya msaada kwa waliotendewa ukatili, 1195.

Nimewaona wanafunzi wa kiume wakilifanya hili kwa ustadi kuliko wenzao wa kike, kwa hiyo tusidhani kuwa jinsia ya muuguzi inatosha. Sisi waelekezi pia tupimwe, maana mwanafunzi huiga kauli za mkunga aliyesimama naye zamu.

Naomba pia kila chuo kiwe na mshauri ambaye mwanafunzi anayepigwa kwake nyumbani, au na mpenzi wake, anaweza kumwendea kwa siri bila hofu ya kupoteza nafasi yake ya masomo.

Wako mwaminifu,
Mkunga mwelekezi, Nairobi