Dada, zilikuwa zimebaki dakika kumi

Dada yangu,

Jumapili Mama aliitazama tena ile video. Siku hizi anawasha TV, anatafuta Jellyfin, ile programu ya kutazamia video zetu wenyewe, na kubonyeza picha ya Baba bila kuniita. Inacheza vizuri mpaka pale Baba anapopindua chupa ya tomato sosi, anaipiga kitakoni mara mbili, anamgeukia mjomba mwenye kamera na kufungua mdomo. Hapo inakatika. Mama hungoja kidogo, halafu huzima.

Hoteli yenyewe unaijua. Meza ya dirishani, chipsi laini zenye mafuta mpaka karatasi inang'aa, soseji moja moja, soda ya kugawana na wewe kupewa nusu kubwa kwa sababu ya ripoti yako ya shule. Sosi ilikuwa imetiwa maji, na Baba hakuchoka kumtania mhudumu kwa hilo. Za siku hizi ngumu kama njiti. Labda ni mimi.

Tulirudi pale Agosti 2021, siku ya pili baada ya mazishi, kwa sababu nyumbani stima ilikuwa imepotea na wao wana jenereta. Laptopu ilikuwa mezani, ikinakili disiki yako yenye video za Baba. Uliagiza kuku, hukumgusa. Dereva wa matatu akapiga honi. Alitaka kuingia Nairobi kabla ya kafyu ya saa nne. Nikakwambia zimebaki dakika kumi. Ukasema, "Nitakutumia kwa mtandao," ukachomoa waya. Yule kuku nilimla mimi, kwa hasira, mpaka mifupa.

Bahati yetu ni kwamba yalikuwa mafaili ya DVD, ambayo hucheza hata yakikatika njiani. Ingekuwa MP4, pengine tusingeona hata hicho kidogo.

Januari 2022, KFC walipoishiwa na chipsi, ulinitumia habari ile ukicheka: viazi wanaagiza ng'ambo, meli zimechelewa, na Molo yenye viazi iko pale! Nilicheka pia. Kisha nikaulizia disiki, ndipo ukasema ilianguka ulipokuwa unahama. Ulijua tangu lini?

Basi nisikilize. Kama bado unayo, usiiwashe tena kujaribu bahati. Disiki iliyoanguka, kila ikizunguka inaweza kujikwaruza zaidi. Mpelekee fundi wa kuokoa data, na umwambie ukweli kwamba ilianguka. Mimi sasa nina disiki mbili, na ya pili naiweka kwa shangazi kule Njoro. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi video na kuzipeleka kwenye TV, ni laptopu ile ile kuukuu, RAM gigabaiti 4, nimeitia Linux. Watu huicheka, lakini stima ikipotea betri yake inaishikilia. Na haijichoshi kugeuza video, inaipelekea TV jinsi ilivyo. Jellyfin yenyewe ni ya bure. Ilizaliwa 2018, wakati Emby, programu nyingine ya aina hiyo, walipofunga msimbo wao, wengine wakakataa, wakachukua uliokuwa wazi wakaendelea nao. Naipenda kwa hilo.

Najua utaniuliza: disiki ilikaa nyumbani siku nne, mbona hukunakili mapema? Dada, kulikuwa na matanga. Nani alikuwa anatafuta hema, viti, sufuria? Gigabaiti 400 kwa USB 2 si mchezo, ni kama megabaiti 30 kwa sekunde, ukipiga hesabu ni saa... nne hivi. Sawa. Usiku mmoja ungetosha. Lakini nilitaka kwanza kupanga majina ya folda, maana programu hizi zikikuta majina ovyo zinachanganya kila kitu, na vitu vya Baba nisingevimwaga tu kama viazi sokoni. Na wewe ungesema mapema kwamba unaondoka jioni ile. Hukusema.

Nimekufungulia akaunti. Utaingia kwa Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyetu kwa njia ya faragha, maelekezo nimekutumia. Nywila ni oda yako ya pale hotelini, herufi ndogo, bila nafasi. (Nyinyi wengine mnaosoma msijisumbue, haifikiki kutoka nje.)

Mama anasema Baba alikuwa anamwambia mjomba aweke kamera chini aje ale. Mimi, kwa jinsi mdomo unavyofunguka, naona kama alikuwa anaanza jina langu. Nilikuwa mdogo, sikumbuki kitu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, umeketi kando yake. Alisema nini?