Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufungwa kwa Muhula wa Pili na Ziara ya Makerere

Kwa wazazi na walezi wote,

Pokeeni salamu kutoka kwa walimu na wafanyakazi wa shule. Muhula wa pili umefungwa leo, na kila mwanafunzi amekabidhiwa ripoti yake mkononi. Tafadhali iulizeni jioni hii hii. Matokeo yamepanda kidogo, hasa katika Kemia na Kiswahili. Paa la bweni la wasichana limekarabatiwa. Jambo ninalotaka kuwaeleza kwa kirefu ni ziara ya siku moja ya Kidato cha Tatu katika Chuo Kikuu cha Makerere, mjini Kampala, ambayo baadhi yenu mliiunga mkono kwa moyo mkunjufu na wengine mkaitilia shaka hadi siku ya kuondoka.

Wanafunzi 54 na walimu 5, mimi nikiwemo, tulitoka langoni saa 10 alfajiri. Mpakani hatukukawia, kwa kuwa mwalimu wa darasa alikuwa amezipanga barua zenu za ruhusa na nakala za vyeti vya kuzaliwa kwa kufuata orodha ya basi. Kulipambazuka tukiwa tumekaribia Iganga. Wengi wa watoto wetu huvuka kwenda sokoni upande wa Uganda kila wiki bila kuliona hilo kuwa safari, lakini tulipofika Jinja na basi likaingia kwenye daraja jipya la mto Nile, lile lililofunguliwa mwaka 2018, kelele zote zilikatika, na aliyekuwa amelala aliamshwa na jirani yake. Saa 4 asubuhi tulikuwa tunapanda kilima cha Makerere.

Katika mkutano wetu wa Mei mzazi mmoja aliniuliza kwa nini tusiwapeleke Nairobi, na swali lake lilikuwa la haki. Nairobi wataiona kwa njia nyingine. Nilitaka waione Makerere kwa sababu kabla ya chuo cha Nairobi kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, kijana wa Kenya aliyetafuta elimu ya juu bila kuvuka bahari alielekea Kampala, na kwa sababu kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Julius Nyerere alisomea ualimu pale kati ya mwaka 1943 na 1945. Mwai Kibaki alisoma uchumi pale, kisha akarudi kufundisha kabla ya kuingia katika siasa. Benjamin Mkapa alihitimu pale mwaka 1962. Watoto wetu huyakariri majina haya kwa ajili ya mtihani. Siku ile waliviona vijia ambavyo watu hao walivipita wakiwa vijana wenye vitabu kwapani.

Aliyetutembeza ni mwanafunzi wa historia mwenye Kiswahili chepesi na subira ya kuigwa. Alitusimamisha mbele ya Jengo Kuu, lililojengwa mwaka 1941, akatusimulia jinsi lilivyoteketea usiku wa tarehe 20 Septemba 2020, na jinsi lilivyojengwa upya kwa sura ile ile hadi likafunguliwa tena mwaka 2024. Kisha akasema kwamba chuo hiki kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa kutwa, waliojifunza useremala, ujenzi na umekanika. Hapo niliwaona wavulana wetu wa karakana wakitazamana, maana darasa lao la useremala lina wanafunzi wengi kuliko hao. Akaeleza pia kwamba kaulimbiu ya kwanza ya chuo iliwataka wanafunzi wawe wanaume, ikabidi iachwe mwaka 1945 walipopokelewa wasichana wa kwanza, nao walikuwa 6 tu. Tulipokuwa njiani kurudi nilichungulia daftari la msichana aliyeketi mbele yangu. Katika ukurasa mzima alikuwa ameandika tarakimu 6 tu, akaizungushia duara mara mbili. Nimefundisha miaka mingi, na ukurasa ule ndio uliolipia safari yangu.

Chakula cha mchana tulikula Wandegeya, chini ya kilima, ambako watoto walisimama kwa foleni mbele ya jiko la makaa wakimtazama mwuzaji akipasua mayai, akiyakaanga pamoja na nyanya na kabichi, kisha akiyaviringisha ndani ya chapati. Ndiyo rolex, mnaijua nyote. Walikula kwa adabu, na niliwasifu.

Sifa hizo ndizo zinazofanya kilichofuata kiniume zaidi. Saa 8 mchana tulipaswa kupanda basi kwenda Kasubi, mwendo mfupi kutoka Makerere, kwenye makaburi ya Makabaka wanne, yaani wafalme wa Buganda, mahali palipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 na palipoungua mwaka 2010. Majina yalipoitwa, wavulana watatu hawakuwepo. Walikuwa wamekwenda katikati ya mji kwa bodaboda, bila ruhusa na bila kumwambia mwalimu yeyote, kutafuta simu za bei nafuu, na simu waliyokuwa nayo, ambayo sheria za shule zinaikataza, ilikuwa imezimwa. Kwa saa mbili na nusu walimu wawili waliwatafuta mitaani katika mji wa kigeni, huku mimi nikiketi ndani ya basi na watoto 51 wa watu wengine, nikiwaza ni maneno gani nitakayowaambia mama zao. Walirejea saa 10 na nusu wakicheka. Kasubi hatukufika. Tulitoka Kampala katikati ya msongamano wa jioni, tukapita msitu wa Mabira gizani, na wazazi mliokuwa mkitungoja tangu saa 3 usiku mliwapokea watoto wenu saa 6. Nawaomba radhi kwa mkesha ule, kwa kuwa basi lilikuwa chini ya mamlaka yangu. Hata hivyo, sitakubali maelezo niliyopewa na mzazi mmoja kwa simu, kwamba vijana ni vijana. Watoto 51 walikuwa vijana vile vile, wakarudi kwa wakati, na wao ndio walionyimwa Kasubi.

Jumatatu iliyofuata wanafunzi 17 wa Kidato cha Tatu hawakuja shuleni, na walipoulizwa Jumanne walisema kwamba wazazi wao waliwaruhusu wapumzike. Jumapili ilitosha kwa mapumziko. Walimu waliofika nyumbani saa 7 usiku walikuwa darasani Jumatatu saa 2 asubuhi.

Sasa nije kwenye fedha, na hapa nitasema wazi. Gharama ya ziara ilikuwa shilingi 3,500 kwa kila mwanafunzi, na tulikubaliana katika mkutano kwamba ilipwe kabla ya kuondoka. Hadi ninapoandika, wazazi 19 hawajakamilisha malipo, na kati yao 11 hawajatoa hata shilingi moja. Sikuwa tayari kumwacha mtoto langoni alfajiri mbele ya wenzake kwa kosa lisilo lake, kwa hiyo pengo hilo lilizibwa kwa fedha zilizotengwa kununua vifaa vya maabara, na ndiyo sababu Kidato cha Nne wamefanya mazoezi ya Kemia muhula huu kwa kutumia mirija kwa zamu. Mwenye shida ya kweli aje ofisini tuelewane polepole. Nimekwisha kuelewana na wanne, na siri zao ninazihifadhi. Lakini kuna waliolipia sherehe mwezi huu huu na kuniambia kwamba shule ingoje. Karo ya muhula wenyewe nayo ina madeni, na kila anayehusika ameandikiwa kiasi chake nyuma ya ripoti.

Malipo yote yafanywe kwa M-Pesa kupitia nambari ya shule mliyo nayo. Mhasibu hatapokea pesa taslimu. Wavulana wale watatu watafika siku ya kufungua shule saa 2 asubuhi pamoja na wazazi wao, kabla ya kuingia darasani. Kidato cha Pili wameanza kuniuliza kama nao watakwenda Makerere mwaka ujao. Nimewaambia kwamba nitawajibu mirija ya maabara itakaponunuliwa.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu