Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Maneno ya Kwenye Lebo

Sikonge, Tabora

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako tumezipata, na mama yako naye anakusalimu sana. Uliniomba aya fupi ya historia ya biashara yetu ili uichapishe kwenye lebo za chupa mpya, ukapendekeza ianze na maneno "Wauza asali tangu enzi za babu". Nimeyatafakari maneno hayo kwa siku kadhaa, na siwezi kuyakubali kabla hujajua kwamba babu yako hakuwa muuza asali.

Babu yako aliuza nta. Tangu wakati wa Wajerumani nta ya Unyamwezi ilisafirishwa ng'ambo, kwa kuwa haiozi wala haimwagiki, na mtu aliweza kuibeba safari ndefu bila wasiwasi. Asali ilikuwa mali ya nyumbani: dawa ya kifua, kitoweo cha watoto, na zaidi ya yote wanzuki, yaani pombe ya asali. Nikiwa mdogo nilimtazama akichemsha masega yaliyokwisha kukamuliwa, akiyachuja kwa gunia, kisha akiiacha nta ielee na kuganda usiku kucha hadi ifanane na mche wa sabuni. Nta hiyo ndiyo iliyoninunulia madaftari. Asali waliinywa majirani, na baadhi yao, Mungu awarehemu, waliinywa kupita kiasi.

Ilipokuja Operesheni Vijiji, tulihamishiwa kando ya barabara na mizinga ikabaki porini, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Wengi wa rika lake waliacha kurina. Yeye aliendelea kwenda kila msimu na kupiga kambi huko wiki mbili au tatu, akirudi na harufu ya moshi ambayo bibi yako alidai haikutoka hadi Krismasi.

Kuuza asali nilianza mimi, na nilianza vibaya. Mnunuzi mmoja kutoka mjini aliagiza madebe sita, na kwa tamaa ya kumwahi nilirina kabla ya wakati. Nyuki huacha vyumba vya sega wazi mpaka maji ya asali yapungue hadi chini ya asilimia 20 hivi, ndipo huviziba kwa nta. Asali isiyozibwa bado ina maji mengi, nayo huchacha. Nilijua hilo tangu utotoni, lakini nilikata masega mabichi pamoja na yaliyoiva, nikatia yote katika debe moja. Baada ya majuma machache vifuniko vilifutuka, na povu likamwagika ghalani kwa yule bwana. Nilimrudishia fedha zake kwa kuuza ng'ombe wawili. Wewe ulikuwa hujazaliwa, ndiyo maana hukupata kuuliza kwa nini siendi kurina kabla ya Juni hata bei ikipanda.

Kuhusu ile picha ya mzinga wa gome uliyotaka iwekwe kwenye lebo, naomba uiache. Ni picha nzuri, nakubali, ila kila mzinga wa namna ile ulimaanisha mti mmoja umechunwa gome na kuachwa ukauke, na mti huohuo ndio uliotupatia maua. Babu yako alichuna mingi, nami nikafuata nyayo zake kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia mizinga ya mbao, ambayo leo naining'iniza kwa waya uliopakwa oili chafu ili siafu wasipande. Sasa misitu inakatwa kwa ajili ya kuni za kukaushia tumbaku, na kambi yangu imesogea mbali kuliko ile ya babu yako. Siwezi kuwalaumu wakulima wa tumbaku kwa sauti kubwa huku magome yale yakinikodolea macho.

Basi andika hivi: "Asali ya nyuki wakubwa, Sikonge. Imerinwa Juni." Ongeza kwamba ikiganda haijaharibika wala haijachanganywa na sukari, bali iwekwe kwenye maji ya uvuguvugu, swali hilo nimelijibu mpaka nimechoka. Ukitaka kumtaja babu, mtaje kwenye mishumaa ya nta ambayo mama yako ameanza kuitengeneza, kwa kuwa hapo utakuwa umesema kweli.

Vifuniko ulivyotuma mwezi uliopita ni vidogo kuliko midomo ya chupa. Tafadhali vibadilishe kabla basi la Ijumaa halijaondoka.

Baba yako